Somo la Robo Hii: Maktaba za Serikali na Kazi ya Ukutubi



Somo hili limetokana na kosa letu wenyewe. Katika usharika mmoja tulipokea makasha ya vitabu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Tulijenga chumba, tukatengeneza rafu, tukakata utepe. Tuliporudi baada ya mwaka tulikuta kufuli mlangoni na mchwa rafuni. Mzee aliyekabidhiwa ufunguo aliogopa vitabu vitaibiwa. Hatukumlaumu. Tulitenga fedha za saruji na mbao, lakini hatukumwandaa mtu. Ndipo tukaenda kujifunza kwa wenye kazi yao.

1. Maktaba za serikali
Bodi ya maktaba nchini iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na leo ndiyo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi ina maktaba mikoani na katika baadhi ya wilaya, nayo hutoa ushauri kwa wanaotaka kuanzisha maktaba. Bunge na vyuo vikuu vya umma pia vina maktaba zao.

2. Mkutubi hufanya nini?
Wengi wetu tulidhani ni mlinzi wa vitabu. Kumbe huchagua vitabu, huviainisha, huviorodhesha, huviazimisha na kumwelekeza msomaji. Kwa mfumo wa Dewey, dini ni 200, tiba ni 610, kilimo ni 630. Mkulima akiuliza habari za wadudu wa mahindi haambiwi "tafuta humo". Hupelekwa penye 630. Na kila kitabu kinachotoka huandikwa, hivyo hofu ya wizi hupungua bila kufunga mlango.

3. Njia ya kuingia kazini
Bodi ina chuo cha ukutubi Bagamoyo, chenye masomo ya cheti na stashahada. Kwa kawaida ngazi ya cheti hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Wazazi walizingatie hilo mapema. Shahada hupatikana vyuo vikuu. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Si nyingi, na tusiwadanganye vijana. Lakini shule na vyuo, vikiwemo vya kanisa, navyo vinahitaji wakutubi.

4. Tulichojifunza
Kitabu bila mtu ni mzigo. Tangu sasa, andiko lolote la mradi wa maktaba litakuwa na fungu la mafunzo ya mtunzaji kabla ya fungu la rafu. Tunawaomba wafadhili watuulize hilo.

Maswali ya kujadili
- Ufunguo wa vitabu vyetu anao nani, na mlango hufunguliwa lini?
- Ni kijana gani usharikani anayefaa kusomea kazi hii?
- Maktaba ya serikali iliyo karibu nasi iko wapi, na nani ataitembelea kabla ya kikao kijacho?