Kasisi Mmoja, Makanisa Saba: Mwongozo kwa Anayehamia Kijijini Uingereza

Anayeagana na jamaa zake Mwanza au Kisumu kwenda kufanya kazi Uingereza huwa anaiwaza London. Mkataba ukifunguliwa, anwani ni ya Norfolk, Lincolnshire au Herefordshire: nyumba ya kutunzia wazee au shamba la matunda, na kando yake kijiji chenye kanisa la mawe, baa moja na basi linalopita mara mbili kwa siku. Wiki ya kwanza hakuna anayepiga hodi. Wiki ya pili vilevile. Mgeni huamua kwamba wenyeji hawampendi, au kwamba kijiji hakina habari yoyote. Habari zipo tele. Tatizo ni kwamba hazitembei kwa mdomo. Zimeandikwa na kubandikwa mahali ambapo kila mwenyeji anapajua, na ambapo hakuna anayefikiri kumwelekeza mgeni.

Parishi ya kanisa na parishi ya serikali

Kila mtu kijijini hutaja parishi, lakini zipo mbili. Kwa karne nyingi mkutano wa kanisa ndio uliosimamia pia mambo ya dunia, kama barabara na misaada kwa maskini. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1894 ikatenga kazi hizo. Tangu hapo kuna parishi ya Kanisa la Uingereza, iliyo chini ya dayosisi, na parishi ya kiraia, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Jina mara nyingi ni lilelile, mipaka wakati mwingine inafanana na wakati mwingine haifanani. Ukimpelekea kasisi malalamiko ya taa ya barabarani atakusikiliza kwa upole, atakupa chai, na taa itabaki imezimika.

Upande wa kanisa, parishi za vijijini siku hizi huunganishwa makundi makundi. Kanisa la Uingereza lina majengo ya ibada takriban 16,000, mengi yako vijijini, na makasisi hawatoshi. Hivyo kasisi mmoja hupewa makanisa matano, saba, hata zaidi ya kumi. Anaweza kuwa mwanamke. Kanisa hilo lilianza kuwapa wanawake ukasisi mwaka 1994. Lakini kuungana huku hakufuti utawala wa kila kijiji. Kila parishi ndani ya kundi kwa kawaida hubaki na halmashauri yake ya kanisa, hesabu zake, wazee wa kanisa wake wawili, na paa lake linalovuja. Ukiona watu wa vijiji viwili vilivyo jirani wakichangisha fedha kila mmoja kwa paa lake, usishauri waziunganishe. Wameshalisikia wazo hilo, na hawakulipenda.

Matokeo yake kwa muumini ni kwamba ibada huhamahama. Jumapili ya kwanza ya mwezi Ushirika Mtakatifu uko kijiji hiki saa tatu na nusu, ya pili uko kijiji cha tatu saa tano, na mwezi wenye Jumapili ya tano mara nyingi kundi zima hukutana kanisa moja. Kwa hiyo usiende kanisani kwa mazoea, soma ratiba kwanza. Ukiona ibada imeandikwa BCP, jua kwamba wanatumia kitabu cha sala cha mwaka 1662, na Kiingereza chake kitakutoa jasho hata kama umesomeshwa kwa lugha hiyo tangu chekechea. Jasho hilo pengine litakufaa, maana makanisa haya ni ya baridi. Nenda na koti na ukae nalo.

Jarida na jinsi ya kulisoma

Chombo kikuu cha habari ni jarida la parishi, kijitabu kinachotoka kila mwezi, au kila baada ya miezi miwili, na kusambazwa nyumba kwa nyumba na watu wa kujitolea. Inaaminika kwamba la kwanza la aina hii lilianzishwa na kasisi John Erskine Clarke wa Derby mwaka 1859. Mahali pengi hutolewa bure, kwingine hulipiwa mchango mdogo wa mwaka. Kama halifiki mlangoni kwako, nakala huachwa kwenye ukumbi wa kanisa, dukani au baa.

Mgeni huanza na barua ya kasisi ukurasa wa kwanza, akaona ni mahubiri, akalitupa. Anza nyuma. Kurasa za mwisho ndizo zenye fundi bomba, mwenye kuni za kuuza na mwenye kufundisha piano. Katikati utakuta siku ya kuja maktaba ya gari, siku ya posta ya gari, simu ya madereva wa kujitolea wanaopeleka watu hospitali, na kama kuna basi dogo la kuitwa kwa simu, namba ya kuliagiza na muda wa kufanya hivyo. Utakuta pia zamu: nani anapamba maua kanisani, nani anakata nyasi makaburini, nani anafungua na kufunga mlango. Orodha hizo zinachosha kuzisoma, lakini ndizo ramani ya kijiji. Jina linalojirudia katika orodha nne ni la mtu anayejua kila kitu, na ndiye wa kumwuliza.

Ukitaka kutangaza jambo, tafuta tarehe ya mwisho ya kupokea maandishi. Huandikwa ukurasa wa ndani na mara nyingi huwa wiki mbili au zaidi kabla ya mwezi kuanza. Mhariri halipwi, na anayechelewa husubiri toleo lijalo.

Mahali pa pili ni ubao wa matangazo, ule wenye kioo na kufuli ulio karibu na kituo cha basi au kanisa. Huo ni wa baraza la parishi, yaani la ile parishi ya kiraia. Tangazo la maombi ya ujenzi nalo hufungwa kwenye nguzo karibu na kiwanja husika. Kwa kawaida wananchi wana siku 21 za kutoa maoni, na maoni hayo hupelekwa halmashauri ya wilaya, ambayo ndiyo yenye kuamua. Baraza la parishi linashauri tu.

Baraza: linafanya nini, na wewe una haki gani

Baraza la parishi ni madiwani wasiopungua watano, wengi wao wakifanya kazi bila mshahara, na karani anayelipwa. Linaweza kushughulikia viwanja vya watoto, makaburi ya umma, vibanda vya basi, mabenchi, baadhi ya taa, njia za miguu na bustani za kukodisha. Fedha zake hutoka kwenye kodi ya kaunsili unayolipa, na katika hati ya kodi sehemu yake huonyeshwa peke yake, hivyo unaweza kuona unachangia kiasi gani. Mashimo ya barabarani si yake, ni ya kaunti. Mapipa ya taka ni ya wilaya. Panapokuwa na halmashauri moja badala ya hizo mbili, kazi zote mbili ni za hiyo moja.

Mikutano iko wazi kwa umma. Ajenda lazima ibandikwe siku tatu kamili kabla, na baraza haliwezi kupitisha uamuzi juu ya jambo lisilomo ndani yake. Hili ndilo linalowakwaza wengi: mtu anakuja na hoja nzuri usiku wa mkutano, anashukuriwa, na hakuna kinachofanyika. Mwandikie karani mapema, walau wiki moja au mbili kabla. Mabaraza mengi hutenga dakika chache za wananchi kusema. Nje ya dakika hizo wewe ni msikilizaji. Na usidhani mikutano hii ni ya usingizi. Mwaka 2021 video ya kikao cha mtandaoni cha baraza la Handforth, Cheshire, ilitazamwa na mamilioni kwa sababu ya watu wazima kufokeana kuhusu nani ana mamlaka ya kuendesha kikao.

Kuna pia mkutano wa mwaka wa parishi, kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, usioanza kabla ya saa kumi na mbili jioni. Huo si wa madiwani, ni wa wapiga kura wote wa parishi. Wewe umo? Pengine umo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura. Hapo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Anayebeba pasipoti ya Burundi, Kongo au Oman hayumo kwa njia hii. Kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Kugombea udiwani ni jambo jingine: kwa raia wa nchi hizo anayehitaji kibali cha kuishi, kibali chake kiwe kile kisicho na kikomo. Nafasi mara nyingi hukosa wagombea, na baraza hulazimika kuwateua wa kuzijaza.

Haki moja ambayo wageni wachache huijua ni ya bustani. Chini ya sheria ya mwaka 1908, wakazi sita walioandikishwa kupiga kura au wanaolipa kodi ya kaunsili wakiandika kuomba viwanja vya kulima, baraza linalazimika kulizingatia ombi lao. Kiwanja kamili cha jadi ni karibu mita za mraba 250, na kodi yake kwa kawaida ni ndogo. Mahali pengi kuna foleni, basi jiandikishe mapema. Sukuma wiki hustawi huko. Mihogo usahau.

Kuingia

Kijiji cha Kiingereza hakimpokei mgeni kwa karamu. Kinampokea kwa zamu. Ndiyo maana mtu mchangamfu anayesalimia kila mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila rafiki, na mtu mkimya aliyejitolea kupanga viti akajulikana kwa jina baada ya mwezi. Ukiulizwa kama ungependa kusaidia kuosha vikombe baada ya asubuhi ya kahawa, huo ndio mwaliko, na wa pili huenda usije.

Mambo mengi hufanyika kwenye ukumbi wa kijiji, ambao mara nyingi ni mali ya taasisi ya hisani yenye wadhamini wake, si mali ya kanisa. Ukumbi hukodishwa kwa saa, na ni mahali pazuri na nafuu kwa arusi ndogo, maulidi au kitchen party. Uliza mapema kuhusu muziki na saa ya kufunga. Waislamu wasijinyime shughuli za hapo kwa kudhani ni za Wakristo. Yapo mawili tu ya kuangalia: nguruwe wa kuchomwa mzima kwenye sherehe za kiangazi, na bahati nasibu, ambayo zawadi yake mara nyingi ni chupa ya mvinyo. Toa mchango, usichukue tiketi, hakuna atakayeuliza.

Waanglikana watakuta jambo la nyumbani. Mothers' Union, ambayo mama zao na shangazi zao wamevaa sare zake Kenya na Tanzania, ilianzishwa na Mary Sumner katika parishi ya kijijini ya Old Alresford, Hampshire, mwaka 1876. Sikukuu ya Mavuno, inayofanyika Septemba au Oktoba, ilipata sura yake ya sasa kwa kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, Cornwall, mwaka 1843. Siku hizi vinavyoletwa ni makopo ya maharage kwa ajili ya wasio na chakula. Anayetarajia mbuzi na mnada wa ndizi atashangaa.

Jumapili ya pili ya Novemba, saa tano kamili asubuhi, watu hukusanyika kwenye mnara wa waliokufa vitani. Majina husomwa, na kimya hushikwa kwa dakika mbili. Nenda, hata kama huingii kanisani. Walioipita sanamu ya Askari pale Dar es Salaam maisha yao yote wanaijua kumbukumbu ya vita kwa upande wa Afrika.

Dharura, barabara, ndoa na mazishi

Kibanda chekundu cha simu ulichokiona pengine hakina simu. Tangu mwaka 2008 kampuni ya BT imekuwa ikiviuza kwa jamii kwa pauni 1, na vingi sasa vina vitabu vya kubadilishana au mashine ya kushtua moyo. Mtu akianguka na kuacha kupumua, piga 999 kwanza. Mpokeaji atakuambia mashine iliyo karibu iko wapi na namba za kufungulia sanduku lake kama limefungwa. Mashine itakuelekeza kwa sauti, na haitatoa mshtuko pasipohitajika. Kijijini gari la wagonjwa linaweza kuchelewa, basi ni vyema kujua mahali ilipo kabla ya kuihitaji.

Kwenye vichochoro vya gari moja, simama pembeni mahali palipopanuliwa umpishe mwenzio. Ukipishwa wewe, inua mkono kushukuru, asiyeinua hukumbukwa. Ukimkuta farasi, mpite kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa na umwachie mita 2 au zaidi. Mishale ya njano huonyesha njia za miguu ambazo kila mtu ana haki ya kupita, hata katikati ya shamba la mtu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge.

Mkazi wa parishi, awe wa dini yoyote, ana haki ya kuzikwa katika makaburi ya kanisa kama bado yanapokea na nafasi ipo, ingawa kutakuwa na ada na masharti ya kaburi. Ubatizo wa mtoto hauna ada. Ndoa ina mtego wake. Waingereza hutangaziwa ndoa kanisani Jumapili tatu, basi. Lakini kama mmoja wenu si raia wa Uingereza au Ireland na hana hadhi ya ukaazi iliyotolewa kwa raia wa Ulaya, matangazo hayo hayatoshi: inabidi nyote wawili mpeleke taarifa ofisi ya msajili iliyoteuliwa, na kusubiri siku 28, zinazoweza kuongezwa hadi 70. Mwone kasisi kabla ya kulipia ukumbi na kabla ya jamaa kukata tiketi za ndege.