Somo la mayi: kupeleka watoto wa masomo ku mlango wa mto



Somo la mwezi huu halizungumzi mahindi wala mihogo. Linazungumza mayi, na watoto. Koperative nyingi za kandokando ya Kolwezi zinalima mboga mu mabonde na ku ukingo wa mito: lengalenga, nyanya, kabichi, vitunguu. Mvula ikikatika, toka mwezi wa tano hadi wa tisa, mto njo unatulisha. Lakini muulize mtoto wa darasa la sita mto wa kwao unaenda wapi. Wengi watakuonyesha na kidole mpaka ku kona ya kwanza, basi. Na wako wengine, tuseme kweli, ambao mto wanaujua paka kwa kuosha mawe ya mgodi, siku ambazo wangekuwa darasani. Hata jina Mashamba, leo ku Kolwezi ukilitaja, watu wanafikiri shimo la mgodi mbele ya kufikiri jembe.

Tunapendekeza kila koperative ipatane na masomo ya karibu, na mara mbili kwa mwaka ipeleke watoto mahali ambapo mto unaingia mu ziwa. Kwetu mahali pakubwa pa namna hiyo ni ziwa Nzilo. Ziwa hilo ni mayi ya Lualaba yaliyozuiwa na barrage iliyojengwa mwanzo wa miaka ya 1950 juu ya kutoa umeme wa migodi. Kama mko mbali na Nzilo, mahali ambapo kijito kinaingia mu mto mkubwa panatosha, ao mahali mfereji unaingia mu bwawa la samaki la koperative.

Juu ya nini mlango wa mto, na si katikati ya mto? Kwa sababu pale mayi yanapunguza mbio. Mto unaokimbia unabeba udongo, majani yaliyooza, na mbolea iliyooshwa ku mashamba. Ukifika mu mayi yaliyotulia unachoka, na mzigo wote unashuka chini. Ndiyo maana pale kuna matope mengi, na penye matope matete na mafunjo yanaota. Mu matete samaki wengi wanatafuta kificho, na watoto wao wanakula na kukua wakijificha wale wakubwa. Mvuvi yeyote wa Nzilo anajua jambo hili, hakulisoma popote. Mlimaji naye anajua kwamba udongo wa pale ni mweusi na mnono, na njo maana anatamani kukata matete apande kabichi mpaka ku mayi kabisa. Watu wawili wanahitaji mahali pamoja. Ugomvi huo mnaufahamu, siuelezi zaidi. Ninasema tu kwamba mtoto akiuona kwa macho yake atauelewa vizuri kuliko sisi tulivyouelewa.

Mbele ya kwenda, mwalimu afanye somo moja darasani, juu ya mtoto ajue kwamba mto wake haufii Nzilo. Lualaba inapita Bukama, inaingia mu mabwawa na maziwa ya Upemba, inafika Kongolo, Kindu, hata Kisangani. Kisha maporomoko ya Boyoma inabadilisha jina, inaitwa mto Kongo. Inapita Mbandaka, Kinshasa, Inga, Matadi, Boma, na mwisho inaingia mu bahari ya Atlantiki ku Banana, karibu na Muanda. Toka kwetu hadi kule ni safari ya mayi ya karibu kilometa 4,000, na njiani inavuka mstari wa ikweta mara mbili. Pale Banana mayi matamu yanakutana na mayi ya chumvi, na kuna misitu ya mikoko, miti inayosimama na mizizi mu matope ya chumvi. Serikali ilifanya mahali pale kuwa hifadhi mwaka 1992. Mizizi ya mikoko inafanya kule kazi ileile matete yanafanya hapa: inashika udongo na kuficha samaki wadogo.

Watoto wetu hawataweza kwenda Banana. Lakini mkutano wa mayi yale mawili mwalimu anaweza kuuonyesha na chupa. Chukua litre moja ya mayi, tia chumvi vijiko viwili vikubwa vilivyojaa. Hiyo ni karibu gramu 35, sawa na chumvi ya bahari. Ukiongeza mara mbili itaonekana vizuri zaidi. Jaza nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kisha chukua chai iliyopoa, isiyo na sukari, uimimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko. Chai itabaki juu, chumvi chini. Njo vile mto Kongo unavyoingia bahari: mayi matamu, mepesi, yanapita juu, na ya chumvi yanaingia kwa chini. Na kama mtoto anauliza bahari inamuhusu nini, umuulize naye Thomson wanayekula nyumbani anatoka wapi. Wengi wa samaki hao wanavuliwa mu bahari hiyohiyo, upande wa Namibia, wanatufikia na barafu.

Sasa siku yenyewe. Chagueni siku ya posho, mwezi wa tano ao wa sita, wakati mayi yamepunguka na njia ni kavu. Safari ya pili ifanyike mwezi wa kumi na mbili, mvula ikiwa imeanza, watoto waone tofauti. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, darasa zimejaa. Usipeleke darasa lote. Watoto ishirini ni wengi tayari. Wagawe watano watano, kila kundi na mtu mzima mmoja.

Usalama unakuja mbele ya somo. Usipeleke watoto ku mito inayopita migodi na mahali pa kuoshea madini, kama Musonoi na Luilu. Mwite mvuvi aseme kama mahali hapo pana mamba ao kiboko, na akisema hapana, muulize mara ya pili. Mtoto asiingie mu mayi. Mayi yaliyotulia yenye majani na konokono yanaweza kuwa na bilarzia, na minyoo yake inatoka mu konokono zaidi wakati jua ni kali, karibu na saa sita. Kwa hiyo fikeni asubuhi mapema. Watu wazima wenye buti njo wanachota. Watoto wanafanya kazi ku ukingo, na beseni nyeupe, vijiko na kamba. Nyuma yake wote wanaosha mikono na sabuni, kwa mayi mliyobeba toka nyumbani.

Kazi ya kwanza ni kupima weupe wa mayi. Kata mfuniko wa ndoo, upana wa sentimeta 20, upake robo mbili rangi nyeupe na robo mbili nyeusi, ufunge jiwe chini na kamba yenye vifundo kila sentimeta kumi. Mvuvi anaushusha toka mu bwato lake. Pale usipoonekana tena, andika. Chombo hiki kilibuniwa na padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wa bahari na wa maziwa wanakitumia. Wenye bwawa la samaki, kijueni: bwawa lililotiwa mbolea vizuri linakipoteza kati ya sentimeta 25 na 40. Kikipotea mbele ya hapo na mayi ni ya kijani, acheni kutia mbolea, la sivyo usiku hewa itakwisha mu mayi na asubuhi mtakuta samaki wanapumua juu.

Kazi ya pili njo ninayoipenda kuliko zote, na hapa tusikimbie. Mtu mzima aende kidogo juu, mahali mto bado unakimbia juu ya mawe. Anasimamisha chandarua, ile mustikere ya kulalia iliyokwisha kuchakaa, chini ya jiwe kwa upande mayi yanakoenda. Anageuza jiwe na kulisugua. Vinavyotoka vinaingia mu chandarua, anavimwaga mu beseni nyeupe. Mpe mtoto dakika tano, anyamaze, aangalie. Mwanzoni ataona takataka. Kisha takataka zitaanza kutembea.

Ku Afrika ya Kusini wametengeneza njia ya kuwafundisha watoto kuhesabu wadudu hawa, inaitwa miniSASS. Wadudu wamegawanywa mu makundi 13, kila kundi na alama zake. Mdudu bapa mwenye mikia miwili, anayeshikilia mawe na hawezi kuishi mu mayi machafu, ana alama 17. Minyoo na mabuu ya nzi, wanaovumilia karibu kila kitu, wana alama 2 tu. Unajumlisha alama, unagawanya kwa hesabu ya makundi uliyoyapata. Somo la hesabu limeshafanyika pale pale, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Kwetu mu Lualaba njia hii ina kazi kuliko mahali pengine. Shaba na kobalti iliyoyeyuka mu mayi haionekani, hainuki, na karatasi ya kupima ukali wa asidi haiwezi kukuonyesha. Mayi yanaweza kuwa meupe kama ya chupa, na yana shaba ya kutosha kuua samaki. Lakini wadudu wa mikia miwili na wa mikia mitatu wanaihisi mbele yetu. Kwa hiyo tufundishe watoto jambo ambalo hata wakubwa wengi hawalijui: mto wa matope wenye wadudu wengi unaweza kuwa mzima, na mto mweupe usiokuwa na mdudu hata mmoja chini ya mawe ni wa kuogopa. Hapo hakuna kunywesha mboga wala kufuga samaki mpaka mayi na matope yapimwe mu laboratoire. Na kumbukeni matope: metali nyingi zinashikamana na udongo laini, na tumekwisha kusema udongo huo unashuka wapi. Unashuka ku mlango wa mto, kati ya matete, mahali samaki wadogo wanakula.

Wako watakaosema somo la namna hii linahitaji profesa na pesa ya wazungu. Waangalie Zanzibar. Pale karibu na mji kuna kisiwa kidogo, Chumbe, ambacho matumbawe yake yalifanywa hifadhi mwaka 1994. Watoto wa masomo wa Zanzibar wanapelekwa kule kujifunza. Ni watoto wa kisiwa, wamezaliwa na bahari mbele ya mlango, na wengi hawajawahi kuweka uso chini ya mayi waone samaki yule yule wanayemkuta mu sahani. Wanaowaongoza ni walinzi ambao mwanzoni walichaguliwa kati ya wavuvi wa vijiji vya jirani. Mvuvi aliyeacha wavu akashika kazi ya kufundisha: mimi ninaona hilo njo fundisho kubwa la Chumbe. Nasi tunao. Mzee anayevua Nzilo miaka thelathini ni mwalimu tayari, anakosa paka wanafunzi. Mwalimu wa masomo amkaribishe kwa heshima: "Papa, leo darasa ni lako," kisha akae na daftari kama wengine.

Juu ya pesa, Kenya wana mfano mzuri. Ku ghuba ya Mida, karibu na Watamu, kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Wageni wanalipa kulitembea, na pesa hiyo inasaidia karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vya kando. Familia nazo zinaahidi kupanda miti na kutunza msitu. Sisi hatuna watalii ku Nzilo. Lakini safari ya watoto ishirini inahitaji chakula cha saa sita, sabuni, beseni nne na mafuta ya pikipiki mbili kama ni mbali. Koperative inayouza mboga kila juma inaweza kutoa hiyo ku sanduku lake mara mbili kwa mwaka. Na itapata kitu: daftari.

Kila safari watoto waandike mu daftari moja, linalobaki kwa katibu wa koperative, si kwa direkta: tarehe, mahali, mayi yanaonekana mpaka sentimeta ngapi, makundi gani ya wadudu, alama ngapi, na upana wa matete toka ukingo wa bustani mpaka mayi, uliopimwa kwa hatua za mtoto mmoja. Miaka miwili ikipita mtakuwa na vipimo vinne vya mto wenu. Siku mgodi ao mtu mwingine atasema mayi yalikuwa hivi tangu zamani, mtakuwa na cha kufungua mbele ya chifu na mbele ya service ya environnement.

Daftari hilo litawasema na nyinyi pia. Hatua za matete zikipunguka toka ishirini hadi nane, hakuna mgodi uliozikata. Katibu alilete ku mkutano wa mwezi wa nne, mbele ya kugawa viwanja vya kiangazi, na mtoto mmoja aje alisome mwenyewe. Koperative zinazotaka kuanza mwaka huu zimwambie mshauri wa kilimo wa eneo lao mbele ya mwisho wa mwezi wa tatu. Anayo picha za makundi 13 ya wadudu, na atakuja kufanya safari ya kwanza pamoja nanyi.