Kumfundisha Mbwa Kuitika Mluzi



Mama mmoja aliponisikia nikisema kwamba somo la safari hii ni la mbwa, alicheka, akaniuliza kama gazeti la parishi limekosa mambo ya kuandika. Ni kweli kwamba mbwa hasifiwi sana katika Maandiko, ukimwacha yule wa kitabu cha Tobiti aliyefuatana na kijana safarini. Lakini hapa Kiomboi nyumba nyingi zina mbwa, na mbwa asiyeitika anaweza kuleta msiba nyumbani. Nayajua haya kwa kuwa yalinipata.

Mwaka juzi Bwana Mifugo alitangaza siku ya kuchanja mbwa. Majirani walikuja na mbwa wao kwa kamba. Mimi nilitoka kumwita Simba wangu. Nikaita jina lake, nikapaza sauti, nikafoka. Kadiri nilivyofoka ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, mkia katikati ya miguu, mpaka akaingia kwenye miiba nyuma ya zizi. Jua likapanda, Bwana Mifugo akafunga kisanduku chake cha barafu akaenda zake. Baadaye alipita mbwa mgeni akitokwa na udenda, akapigana na Simba usiku. Majuma yakapita, na Simba akabadilika. Siku moja alimng'ata mjukuu wangu mkononi. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama ipasavyo, tukakimbilia hospitali, na mtoto akachomwa sindano zote kwa siku zake. Leo ni mzima. Simba ilibidi auawe.

Nilikaa nikafikiri sana. Kosa halikuwa la mbwa. Yeye alikuwa amejifunza vizuri kabisa yale niliyomfundisha, maana kila mara nilipoita "Simba!" kwa sauti ile, ilikuwa ni kwa ajili ya mayai yaliyoliwa au kuku aliyekimbizwa, na akija alipata fimbo. Basi mwito wangu ulikuwa na maana moja tu kwake: fimbo inakuja.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Mnyama haelewi neno kama sisi tunavyolielewa. Anajifunza kitu gani hufuata baada ya sauti gani. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula tumboni, ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa makini. Aliona kwamba mbwa akisikia sauti fulani kisha akapewa chakula, na hivyo mara nyingi, mwishowe hutokwa na mate kwa kuisikia sauti peke yake.

Wala hatuna haja ya kwenda Urusi. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Somo la kwanza la panya yule si kunusa. Ni kuisikia sauti ndogo, "tak", ya kidude cha mkononi, na mara ile kupewa chakula. Sauti ile ikishaingia moyoni mwake, ndipo mengine yote hufuata. Panya mmoja wa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 70, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na chama cha Uingereza cha kutibu wanyama. Ikiwa panya amefika huko, mbwa wetu anashindwaje kurudi nyumbani?

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani nasi. Wahadzabe, wanaoishi upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi, na wengine katika wilaya ya Mkalama iliyokatwa kutoka Iramba yetu mwaka 2012, hupiga mluzi kumwita mlembe, yule ndege aongozaye watu kwenye asali. Ndege yule hafugwi na mtu, lakini huja. Huko kaskazini ya Msumbiji, Wayao nao humwita ndege wa aina ile ile, ila kwa sauti nyingine ya kutetemesha midomo na kuguna mwishoni. Wataalamu walijaribu sauti zote mbili katika nchi zote mbili, wakatoa habari zao Desemba 2023. Mlembe wa Tanzania alielekea kuwaongoza watu zaidi ya mara tatu aliposikia mluzi wa Kihadzabe kuliko sauti ya Kiyao. Kule Msumbiji ikawa kinyume. Maana yake, hakuna sauti yenye uchawi ndani yake. Kinachomvuta mnyama ni yale aliyokwisha kuyaona yakifuata sauti ile mahali pale.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza chagua sauti, na usichague jina la mbwa, kwa kuwa jina limekwisha kuchafuliwa na makaripio. Kwetu Singida upepo ni mkali na sauti ya mtu hupotea haraka, kwa hiyo mluzi au filimbi yafaa zaidi. Mimi hutumia miwili mifupi na mmoja mrefu. Kama meno ya mbele yamekwenda, kama yalivyokwenda ya baadhi yetu, gonga mfuniko wa sufuria kwa mpango ule ule. Jihadhari tu sauti yako isifanane na nyingine zinazosikika kila siku, kama kengele ya shule au ile ringi ya gari tunayogonga kanisani. Tena nyumba nzima ikubaliane. Nimeona nyumba moja baba ana mluzi wake, vijana wana wao, na mama anaita kwa jina. Mbwa wa nyumba ile alikuwa akisimama katikati ya uwanja akigeuza kichwa huku na huku kama mgeni stendi.

Siku tatu za kwanza usimwite kabisa. Mbwa awe karibu nawe, kabla ya kula, akiwa na njaa kidogo. Piga mluzi, na papo hapo mpe kipande cha chakula, kidogo kama punje ya haragwe: kichwa cha dagaa, nyama, hata ugali uliochovywa mchuzi. Mluzi utangulie, chakula kifuate. Ukimwonyesha chakula kwanza, atajifunza kutazama mkono wako wala si kusikiliza. Mara kumi kwa siku zatosha, tano asubuhi na tano jioni. Ukiona amegeuza kichwa upesi mara tu asikiapo, jambo limeingia.

Ndipo uende hatua tatu mbali naye, upige mluzi, akija umpe. Kesho hatua kumi. Kisha mtoto amshike wewe ukiwa nyuma ya nyumba. Akisita, usimkimbilie, maana atadhani ni mchezo. Chuchumaa, au rudi nyuma taratibu, naye atakufuata. Kuku, watoto wanaocheza na mbwa wa jirani viongezwe mwishoni, kimoja kimoja, na hapo mfunge kamba ndefu ya katani ili asizoee kwamba mwito waweza kupuuzwa. Piga mara moja, ngoja. Mtu anayepiga mluzi mara nane anamfundisha mbwa kuitika ule wa tisa.

Lililo gumu kwetu ni hili: mbwa aliyeitika asipigwe kamwe, hata kama yai lingali linachuruzika mdomoni. Kama ni lazima umkaripie au umwogeshe dawa ya kupe, nenda wewe alipo. Na usimwite kila mara ili umfunge tu, kwa kuwa hilo nalo kwake ni adhabu. Mwite, mpe, mwache aende tena.

Mbwa mdogo hushika kwa majuma machache. Mkubwa aliyezoea fimbo huchukua miezi, na pengine sauti mpya kabisa. Akishajua, chakula kisitolewe kila mara, lakini kisikome. Leo dagaa, kesho kupapaswa shingo.

Wataalamu wa afya wanasema kwamba kati ya watu 100 wanaopata kichaa cha mbwa, 99 wamekipata kwa mbwa, na kwamba dalili zikishatokea mtu haponi. Wanasema pia mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi siku ya chanjo ikitangazwa, anza mazoezi majuma matatu kabla yake, na mzoeshe mbwa kufungwa kamba mara tu baada ya kuitika, kisha kufunguliwa. Asubuhi ile usimlishe. Weka dagaa mfukoni, nyingi kuliko kawaida, nyingine umpe akiwa anachomwa sindano. Mbwa wangu wa sasa, Tai, alikuja mbio kutoka mtoni safari iliyopita, akawa wa nne kwenye mstari.