Kazi Ikiisha Ghafla: Haki Zako, na Ushahidi Ulio Ndani ya Simu Yako

Mwezi Machi 2020, Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona. Safari hizo zilirudi tarehe 1 Agosti. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya televisheni. Kwa Taita Taveta, kaunti ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko ndani ya mbuga ya Tsavo, ilikuwa habari ya mshahara. Mgeni asipokuja, loji haihitaji mpishi, dereva wala mtu wa kutandika vitanda.

Korona ilipita, lakini kazi bado huisha ghafla. Inaweza kuwa loji iliyokosa wageni, shamba la mkonge kule Mwatate, duka la jumla Voi mjini au kampuni ya ujenzi iliyomaliza kandarasi. Ukiambiwa leo usije kesho, ufanye nini? Tuchukue hatua moja baada ya nyingine.

1. Jua kwanza umeachishwa kazi kwa njia gani

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haichukulii kila kuachishwa kazi kuwa sawa.

Kuna kufutwa kwa sababu ya makosa. Hapo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze kosa lako kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu uwe na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hata ukifutwa papo hapo, siku ulizokwisha kufanya kazi ni lazima ulipwe.

Halafu kuna kupunguzwa kazi. Hukukosea kitu, ila nafasi yako haihitajiki tena. Hii iko kifungu cha 40, na ndiyo tutakayoizungumzia zaidi.

Kuna pia mkataba wa muda uliofika mwisho wake. Kwa kawaida huo hauhesabiwi kuwa kupunguzwa kazi, kwa hivyo soma tarehe zilizo kwenye mkataba wako kabla ya kudai.

Je, "likizo bila malipo" ambayo bosi ameitangaza tu? Masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Usikae nyumbani miezi sita kwa neno la mdomo. Omba barua.

2. Piga hesabu ya pesa zako

Ukipunguzwa kazi, mwajiri anatakiwa:

- akuandikie barua wewe binafsi na amjulishe afisa wa leba. Kama uko kwenye chama, chama na afisa wa leba wajulishwe sababu angalau mwezi 1 kabla;
- achague wa kuondoka kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, si kwa kupendelea;
- akupe notisi ya mwezi 1, au mshahara wa mwezi 1 badala yake;
- alipe siku zako za likizo ambazo hukuchukua;
- akulipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha.

Tuseme wewe ni mhudumu wa loji, mshahara ni shilingi 24,000, umefanya kazi miaka 6 na miezi 4, na una siku 10 za likizo. Umeachishwa tarehe 12 bila notisi. Tukigawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 800.

- Siku 12 za mwezi huu: 9,600
- Mshahara badala ya notisi: 24,000
- Likizo, siku 10: 8,000
- Siku 15 kwa miaka 6: 72,000

Jumla ni shilingi 113,600, kabla ya kodi. Sasa fikiria meneja anakupa bahasha ya elfu thelathini na karatasi ya kusaini kwamba umelipwa kila kitu. Ukisaini kwa hiari yako, mahakama inaweza kusema ulikubali. Omba nakala uende ukaisome nyumbani. Kama ni lazima upokee pesa siku hiyo, andika kwa kalamu juu ya sahihi yako: "Nimepokea kiasi hiki, sijakubali kwamba ni malipo ya mwisho." Weka tarehe, kisha piga picha.

3. "Lakini mimi sikuwa na mkataba"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Kibarua anayefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamtambua kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Na kama kazi yako ilikuwa ya miezi mitatu au zaidi, kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, si lako.

Kinachobaki ni kuonyesha kwamba kweli ulikuwa pale. Kama ulilipwa kwa simu, ushahidi unao mfukoni. Taarifa ya miamala, ile wengi wetu huita stetimenti, inaonyesha tarehe, kiasi na aliyetuma. Malipo ya kila Jumamosi kwa miezi kumi na minne kutoka namba moja yanaeleza mengi, hata kama namba ni ya msimamizi na si ya kampuni.

Kwa hivyo, wiki hii ya kwanza:

- omba taarifa ya miamala ya kipindi chote ulichofanya kazi, uihifadhi kwenye barua pepe na uchapishe nakala moja;
- usifute ujumbe wa malipo wala wa zamu;
- kama pesa zilikuwa zinaingia kwenye laini ya mke, mume au ndugu, mwombe mwenye laini aichukue taarifa hiyo yeye mwenyewe;
- kama laini ni ya kampuni, hamisha picha na ujumbe wako kabla hujairudisha;
- angalia kama makato ya NSSF yalifika kweli.

Dai pia cheti cha utumishi. Ukiwa umefanya kazi zaidi ya wiki 4, ni haki yako hata kama mliachana kwa ubaya.

4. Usiache muda upite

Malalamiko ya kuachishwa kazi kinyume cha sheria hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Huduma hiyo ni ya bure. Kesi mahakamani ina muda wa miaka 3, na ukishinda, jaji anaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Wafanyakazi wa hoteli wana KUDHEIHA, na wa mashamba wana chama chao cha KPAWU. Kama huna chama, Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria na kina ofisi Mombasa.

"Tutakupigia" si jibu. Miezi mitatu huisha ukisubiri simu.

5. Linda pesa ulizopata

Pesa nyingi kwa mpigo hudanganya macho. Kama nyumba yako inatumia 18,000 kwa mwezi, ile 113,600 ni miezi sita na kidogo, basi. Ifungie kwenye akiba, kisha ujitumie kiasi kilekile kila wiki, kana kwamba bado unalipwa.

Kama una mkopo wa simu, wasiliana na mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa, na usikope kwa mmoja ili umlipe mwingine. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, mkopeshaji wa kidijitali haruhusiwi kukutisha wala kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha.

Bima ya SHA haikatwi tena kwenye mshahara, kwa hivyo piga *147# upange kujilipia mwenyewe.

Mwisho, chunga matapeli. Mtu aliyepoteza kazi ndiye wanayemtafuta. Ukiambiwa kuna nafasi kwenye reli au Mombasa, ila utume kwanza "ada ya fomu", usitume. Na namba yako ya siri haiulizwi na mwajiri, afisa wa leba, wala sisi.

Leo, kabla ya kulala, omba taarifa yako ya miamala. Fanya hivyo hata kama kazi bado unayo.