Uliza Kwanza Mahindi Yamefika Wapi

Ukitaka kuoka vya kuuza hapa Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda, kati ya Septemba na Desemba, kalenda ya ukutani haitakufaa sana. Tazama mahindi. Yakiwa bado yamesimama shambani, watu hawana kitu mfukoni. Yakikatwa na kukusanywa mafungu, matumaini yapo lakini pesa bado. Yakishapukuchuliwa na kuanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, simu yangu huanza kulia. Bodi ya nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na huku chini ya Mlima Elgon mvua hutukuta mavuno yakiwa nje. Kati ya kuvuna na kulipwa hupita wiki kadhaa. Biashara yangu nimeipanga kulifuata pengo hilo.

Ndiyo maana mteja akija Oktoba kuagiza keki ya harusi, simwulizi kwanza habari za rangi. Namwuliza, "Mayi (mama), mahindi yamefika wapi?" Hakuna anayechukia, maana sote ni wakulima. Akijibu kwamba bado yako shambani, tunakubaliana alipe kwa awamu: arubuni ya kununulia unga, mayai, sukari na siagi, kisha salio lote kabla sijapaka aising. Hapo kwenye aising usilegeze kamba hata kwa shemeji yako. Keki isiyopakwa kitu unaweza kuikata vipande ukaiuza sokoni siku hiyo hiyo. Ikishaandikwa majina ya bwana na bibi arusi, haina mnunuzi mwingine duniani.

Septemba na Oktoba basi ni miezi ya vitu vidogo: mandazi, skonzi, kwini keki, vitu vya shilingi chache anavyomudu mama anayepitia dukani akitoka kupalilia maharagwe. Hapa ndipo viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimenifaa kuliko kitu kingine chochote. Aina za Kabode na Vita zilitolewa Uganda mwaka 2007 na sasa zinalimwa pande zote mbili za mpaka. Zina vitamini A kwa wingi, na rangi yake huwavutia watoto bila kutia dawa ya rangi.

Viazi hivyo usivichemshe kwa maji mengi, vitalowa na kukuharibia kinyunga. Tandika majani ya mgomba chini ya sufuria, tia maji kidogo, panga viazi juu na maganda yake, funika kwa majani mengine, uvipike kwa mvuke mpaka kisu kipenye bila kusukumwa. Menya vikiwa moto, viponde vilainike kabisa, kisha viache vipoe. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano mimi hutia nusu kilo ya viazi vilivyopondwa, hamira, sukari, chumvi na siagi, halafu maziwa ya uvuguvugu kidogo kidogo, yasizidi robo lita, kwa sababu viazi vina maji yake. Kinyunga kitakuwa kinanata kuliko ulivyozoea. Usikimbilie kuongeza unga. Endelea kukanda na mkono utajisafisha wenyewe. Skonzi za namna hii hukaa laini hadi kesho yake, na muuza chai hununua tena anapoona za jana hazijakauka.

Mkaa nao una mambo yake msimu huu. Mkaa ulionyeshewa hutoa moshi, na moshi huo huingia kwenye keki. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na uanike mkaa wa kesho leo jua likiwa kali. Oveni yangu ni ya mabati, ya kuundwa na mafundi wa jua kali, haina kipimo cha joto. Napima kwa unga: nanyunyiza kidogo kwenye trei, naifunga ndani kwa dakika 5. Ukitoka rangi ya dhahabu, moto ni wa keki. Ukitoka kahawia iliyokolea, ni wa skonzi na mkate. Ukiungua, punguza makaa ya chini kwanza, maana chini ndipo keki huharibikia bila wewe kuona.

Dada yangu anaoka Kitale, na mapishi yetu hayafanani ingawa tulifundishwa na mama mmoja. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya baking poda hutanuka upesi. Keki hupanda kwa haraka kisha hubonyea katikati kabla haijashika. Yeye hupunguza robo ya baking poda, huongeza vijiko viwili vya maziwa na moto wake huwa mkali kidogo. Ukiona kichocheo cha mtu wa Mombasa kimekushinda huku juu, anza na marekebisho hayo kabla hujamlaumu kuku kwa mayai yake.

Novemba, pesa ya mahindi ikianza kuingia, nunua unga wa Krismasi. Bunda la pakiti 12 za kilo 2 hupata nafuu kuliko pakiti mojamoja, na ngano yetu Kenya nyingi hutoka nje, kwa hiyo bei hubadilika kwa sababu zisizohusiana kabisa na shamba lako. Wakati huo huo kagua cheti chako cha afya cha mshika chakula, kinachotakiwa kufanywa upya kila miezi sita, na kibali cha kaunti. Supermaketi zitakudai pia alama ya ubora ya KEBS. Ukiuzia majirani na maduka madogo, anza na cheti na kibali.

Miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2024 na 2026, Desemba huwa kubwa zaidi. Wabukusu hutahiri Agosti, na vijana hutolewa Desemba kwa sherehe ya khukhwalukha. Ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, Wamasaaba nao wana imbalu, tohara yao, miaka hiyo hiyo. Keki zetu Kenya tumezoea kuziuza kwa kilo, lakini kwa sherehe hizi nauza kwa trei. Wageni hawahesabiki, na kukhu (bibi) mwenye boma anataka kila mtoto apate kipande, hata kiwe kidogo. Keki bapa ya trei hukatwa miraba sawa bila ugomvi.

Oda ya kuvuka mpaka, muulize mwenyewe afisa wa forodha siku chache mapema. Shehena ndogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 inaweza kutumia cheti chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama bidhaa imo kwenye orodha. Kisha usiipandishe keki ya ghorofa tatu kwenye bodaboda ikiwa imesimama. Kila tabaka liingie kwenye boksi lake, nawe uende pamoja nayo ukiwa na kisu bapa, bakuli la aising ya akiba na kitambaa kibichi, uiunganishe palepale kwenye meza ya sherehe.