MTENDWA HASAHAU



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, twasema: Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, kijana mmoja alituuliza swali ambalo hatukuthubutu kulijibu papo hapo. Alisema, "Sheikh, huko Korea watu mashuhuri wanaangushwa kwa sababu waliwaonea wenzao walipokuwa skuli. Miaka imepita, nao walikuwa watoto. Je, hii ni haki, au ni kufukua makaburi?" Wenzake walicheka, lakini yeye mwenyewe hakucheka. Tulimwomba atupe wiki moja, kwani wanavyuoni wetu wametufunza kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Wiki imekwisha, na majibu yetu ndiyo haya.

KHABARI YENYEWE

Mwezi wa Februari 2021, katika Korea ya Kusini, walitokea wasichana waliokuwa wamecheza mpira wa wavu skuli moja na ndugu wawili mapacha, Lee Jae-yeong na Lee Da-yeong. Mapacha hao walikuwa nyota wa timu ya taifa. Wenzao wa zamani waliandika katika intaneti orodha ya mambo 21 waliyotendewa, na miongoni mwayo ni kutukanwa, kunyang'anywa pesa na kutishwa kwa kisu. Mapacha wakaandika kwa mkono wao barua za kuomba radhi, wakazionyesha hadharani. Siku chache baadaye timu yao ya Heungkuk Life iliwasimamisha bila ya kutaja mwisho, na chama cha mchezo huo kikawatoa katika timu ya taifa. Ilipofika mwisho wa Juni timu yao ikawaacha kabisa, nao wakaenda kucheza Ugiriki. Baadaye walisema kuwa katika hayo yaliyoandikwa, mengine hayakuwa kama yalivyosimuliwa.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule ikaja zamu ya Ji Soo, mchezaji wa michezo ya televisheni. Mchezo wake ulikuwa umekwisha kuonyeshwa sehemu 6. Aliandika barua ya kukiri na kuomba msamaha, akaondolewa, na sehemu zilizokwisha kupigwa picha zikarudiwa na mtu mwingine.

Mwezi wa Julai 2021 mambo yakafika Japani. Mtunzi wa muziki Keigo Oyamada alikuwa amechaguliwa kushiriki katika muziki wa kufungua michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Watu wakayafukua mazungumzo yaliyochapishwa katika magazeti ya mwaka 1994 na 1995, ambamo alisimulia, kwa namna ya kujifakhiri, jinsi wanafunzi wenzake wenye ulemavu walivyoteswa skuli. Aliomba radhi, kisha akajiuzulu tarehe 19 Julai, siku 4 kabla ya michezo kufunguliwa. Baadaye alieleza kuwa mengine hakuyatenda yeye bali aliyashuhudia tu. Basi tazameni, ndugu zetu, msiba wa mwenye kujisifu kwa maovu: alibeba hata mzigo usiokuwa wake, na aliyejitwisha ni ulimi wake mwenyewe. Dini yetu yatutahadharisha sana na mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, naye akaamka asubuhi akaipasua sitara ile kwa mkono wake.

JE, MIAKA HUFUTA?

Swali la kwanza la kijana wetu ni la miaka na utoto. Twasema: haki za Mwenyezi Mungu mja huziomba msamaha kwa Mola wake, na mlango wa toba u wazi. Lakini haki za waja zina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyepigwa, aliyetukanwa au aliyenyang'anywa. Miaka kumi haiifuti haki yake, kama isivyolifuta deni la shilingi elfu moja. Mtu hawezi kusema, "Nilikukopa zamani, basi tumeshasahau." Aliyesahau ni mkopaji. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Ama utoto, ni kweli kuwa mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi. Lakini mafakihi wetu wamesema kuwa mtoto akivunja mtungi wa jirani, mtungi hulipwa. Dhambi haipo, hasara ipo. Ikiwa mtungi wa udongo hulipwa, vipi moyo wa binadamu? Tena wengi wa hawa walioshitakiwa walikuwa wamefika umri wa kubaleghe, wala hawakuwa wachanga wasiojua kuwa kipigo chauma.

KWA NINI WANGOJE MPAKA AWE MASHUHURI?

Wako wasemao kuwa hawa walioshitaki ni mahasidi, kwani wangalitaka haki wangalisema siku ile ile. Maneno haya twayaona si ya insafu. Wengine walisema siku ile ile, wala hakuna aliyewasikiliza. Mwalimu alikuwa akitaka kombe la mashindano, na aliyekuwa akipiga ndiye aliyekuwa akifunga. Tena aliyedhulumiwa alikuwa akijikaza kusahau, mpaka siku alipofungua televisheni akaiona sura ile ile, na watoto wake mwenyewe wakimpigia makofi. Umashuhuri haukuliumba kosa, umelitonesha jeraha.

Wala tusidhani kuwa kusema ni jambo jepesi. Sheria ya jinai ya Korea, kifungu cha 307, humwadhibu mwenye kumvunjia mtu heshima hadharani hata kwa jambo la kweli, na kifungo chake chaweza kufika miaka 2. Likiwa la uwongo, chaweza kufika miaka 5. Tarehe 25 Februari 2021, mwezi ule ule wa khabari ya mapacha, Mahakama ya Katiba iliithibitisha sheria hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4. Basi mwenye kusema huko husema akijua kuwa huenda yeye ndiye atakayesimamishwa kizimbani.

Nasi katika dini yetu tuna mizani iliyo wazi. Kuyatangaza maovu ya watu kumekatazwa, na Qur'ani ikamtoa mmoja katika katazo hilo, naye ni aliyedhulumiwa. Imam Nawawi alipotaja mahali ambapo kumsema mtu si kusengenya kulikoharamishwa, wa kwanza aliyemtaja ni mwenye kudhulumiwa anayepeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Kwa hivyo, anayesema "fulani alinitenda kadha", naye ni mkweli, hafukui makaburi. Adai chake.

UMATI HAUDAI KITU

Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulize akili. Ruhusa hii amepewa aliyedhulumiwa. Mimi na wewe, tuliokaa na simu zetu mikononi usiku, hatukupigwa wala hatukunyang'anywa. Tumeipata wapi haki ya kutukana, kumlaani mtu na wazazi wake, na kuieneza khabari ambayo hatujui ukweli wake? Tumeamrishwa kuichungua khabari kabla ya kuitenda kazi, ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwenye kulipiza kisasi kisichokuwa chake huwa ni mdhalimu mpya, naye atasimama siku ya hisabu na deni lake.

Na tazameni tena nani aliyefaidika. Timu na makampuni yaliwatupa watu wao ili kuyaokoa majina na biashara zao. Katika jambo la Ji Soo, mwaka 2024 mahakama ya Seoul iliamua kuwa kampuni iliyokuwa ikimsimamia iilipe fidia kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa televisheni. Kampuni ililipwa na kampuni. Ama wale vijana waliokuwa wakipigwa skuli, kesi ile haikuwa yao. Huku ndiko kuwaadhibu watu mbele ya umma: kelele ni nyingi, na mwenye haki huondoka mikono mitupu.

Linganisheni na khabari nyingine ya Februari 2021. Hwang Hyunjin, wa kundi la waimbaji liitwalo Stray Kids, alishitakiwa kuwa aliwaumiza wenzake kwa maneno walipokuwa skuli. Aliomba radhi kwa maandishi, lakini hakuishia hapo. Alikwenda akakutana nao uso kwa uso, akawaomba msamaha, akasimama kazi kwa miezi kadha, kisha akarejea. Hatuzungumzii uimbaji wake, twazungumzia njia. Aliipeleka haki kwa mwenyewe. Na hii ndiyo njia ambayo wanavyuoni wetu wameieleza katika mlango wa toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kumrudishia mtu haki yake au kumtaka radhi. Sharti hili la nne halitimii kwa barua ya kuwaonyesha watu milioni moja, ikiwa yule mmoja hukumwendea.

NASI TUNALO LETU

Ndugu zetu, baada ya kuulizwa swali lile tulirudi nyumbani, na usingizi haukutujia. Tulimkumbuka mwenzetu mmoja wa chuoni, tulipokuwa wa miaka kumi na tatu au kumi na nne. Alikuwa na kigugumizi. Kila alipofika mbele ya mwalimu kusoma, sisi nyuma tulikuwa tukimwigiza, na tulimpa jina ambalo hatutaliandika hapa. Chuo kizima kilicheka, na siku nyingine mwalimu pia alitabasamu. Alitoka chuoni kabla ya kukhitimu. Tulisema ni mvivu.

Wiki hii tulimwendea. Ni fundi wa cherehani, na tulimkuta akipiga pindo la kanzu. Tulimweleza tulichojia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, kwa taabu ile ile ya ulimi: "Sheikh, Ramadhani hukusikia kwenye redio ukisomesha. Huizima. Si kwa chuki. Sauti yako ni ile ile iliyokuwa ikiniigiza." Tulimwomba radhi, naye akasema, "Nimekusamehe." Kisha akaongeza, "Lakini nina mtoto wa miaka saba, na ulimi wake ni kama wangu. Sijampeleka chuo chochote."

Wallahi, maneno haya yalitulemea kuliko kama angalitupiga. Tulidhani deni letu ni la mtu mmoja, kumbe limefika kwa mwanawe. Sisi si watu mashuhuri wa kuandikwa duniani, lakini tuna mimbari, na watu hutuamkia. Laiti angalisimama siku moja kati ya safu akasema aliyoyajua, asingalitudhulumu.

YATUPASAYO

Korea ilitunga sheria ya kuzuia uonevu wa skuli tangu mwaka 2004. Mwaka 2023 serikali ikaamua kuwa kumbukumbu za makosa mazito zibaki miaka 4 badala ya 2, na kuwa vyuo vikuu vyote vizitazame kuanzia uandikishaji wa mwaka 2026. Hapa kwetu Kenya, sheria ya elimu ya mwaka 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa mwili au kwa nafsi. Lakini sheria haikai darasani. Anayekaa darasani ni mwalimu, na akitabasamu yeye, sheria imekufa.

Kwa hivyo, katika chuo chetu tumeazimia mambo matatu, na twawaomba walimu wenzetu nao wayaangalie. La kwanza, mtoto asiitwe kwa jina la aibu, la mwili wake wala la kabila lake, na mwalimu awe wa kwanza kujizuia. La pili, mtoto akileta malalamiko, asikilizwe siku ile ile, na mwenye kushitakiwa asikilizwe pia. La tatu, aliyekosa aombe radhi kwa mwenzake, si kwa mwalimu, na arudishe alichochukua. Deni likilipwa mtoto angali mdogo, hulipwa kwa neno moja na mkono wa kupeana. Likiachwa, hukua pamoja naye, na siku atakapopanda juu, nalo litapanda.

Fundi yule tulimwomba amlete mwanawe, nasi tutamsomesha wenyewe, herufi kwa herufi, kwa mwendo wa ulimi wake. Hakutuahidi. Alisema atafikiri, na hiyo ni haki yake.

Nawe, kijana uliyeuliza bila ya kucheka, hatukuulizi kwa nini. Ikiwa wewe ni mwenye kudai, dai chako kwa ukweli, na anza kwa mwenyewe au kwa mwenye kuweza kukupatia. Na ikiwa wewe ni mwenye kudaiwa, basi hujawa mashuhuri bado, na nyumba yake waijua. Nenda.

Wabillahi tawfiq.