Miguu Inayokataa Kulala

Somo hili ni la akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Lakini wazee msiweke gazeti chini, maana anayelala karibu na mama huyu ndiye hupigwa mateke usiku.

Mama amechota maji, amelima, jioni anakaa kusuka kiondo. Mara miguu inaanza. Si maumivu hasa, ni kama wadudu wanatembea ndani ya nyama, na hawezi kukaa bila kuisogeza. Akisimama na kutembea, inatulia. Akilala, inaanza tena. Wengine husema amerogwa, wengine husema ni uchovu wa shamba tu. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana: daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, aliueleza vizuri mwaka 1945. Huwapata wajawazito wengi, sana sana miezi mitatu ya mwisho, na kwa walio wengi hupungua baada ya kujifungua.

Sababu moja kubwa ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma hutengeneza damu, na ubongo nao unakihitaji ili miguu itulie. Hapo ndipo pana hatari, kwa sababu mama mwenye damu kidogo, akivuja damu wakati wa kujifungua, hana akiba. Basi nenda kliniki, mwambie nesi habari ya miguu (wengi hawasemi, wanaona haya) na uombe kupimwa damu. Mjamzito akiwa chini ya 11, damu yake ni kidogo. Vidonge vya chuma humezwa kila siku kama nesi alivyosema. Choo kikiwa cheusi usiogope. Lakini vifiche: mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Sasa chai. Najua nitachukiwa, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja au mbili baada ya kula. Ndengu, kunde na majani yake tunazo hapa Muthetheni. Ukizila pamoja na embe, chungwa au papai, chuma kinaingia vizuri zaidi. Nyama hata kidogo inasaidia.

Na yale mawe ya kula yanayouzwa sokoni? Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na damu kidogo. Kule Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa wanakula udongo, na hao ndio waliokuwa na damu kidogo zaidi. Usimcheke mama huyo, mpeleke apimwe.

Usiku wenyewe, kanda miguu, inyooshe, ioshe kwa maji ya vuguvugu. Dawa za mafua zinazoleta usingizi huweza kuzidisha shida hii. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au uso ukivimba na kichwa kikiuma sana, hilo ni jambo lingine: hospitali siku hiyo hiyo.

Na mtoto je? Kuamka usiku anyonye si ugonjwa. Usimpe uji akiwa na miezi mitatu eti alale, wala dawa ya mafua. Akifika miezi 6, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua, na mtoto aliyepungukiwa chuma anaweza naye kulala vibaya. Hapo aanze ndengu zilizopondwa na nyama iliyosagwa laini, huku akiendelea kunyonya. Chai asipewe kabisa. Viganja vikiwa vyeupe, apelekwe kliniki. Alale chali, ndani ya neti.

Siku ya mwethya, mkipumzika, ulizaneni haya. Nani kati yetu miguu yake haitulii, na amemwambia nani? Katika nyumba zetu, nyama ikipatikana, anapakuliwa nani kwanza? Na mama ambaye hakulala usiku kucha, asubuhi yake nani atamchotea maji?